Simu haiwi safi kwa kuwa unaishika peke yako
Ukienda kumwona mgonjwa hospitali ya Bombo, hapa Tanga, hukosi kusikia: "Simu yangu haishikwi na mtu, itakuwa na wadudu gani?" Si kweli. Inashikwa na mikono yako, na mikono hiyo imegusa kitasa, chuma cha kitanda, shuka la mgonjwa. Ukinawa kwa sabuni kisha ukapokea simu, umerudi kulekule. Stafilokokasi, bakteria wanaotia vidonda usaha, huweza kuishi siku kadhaa, hata wiki, juu ya kitu kikavu. Zima simu, vua kava, ipanguse kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo spiriti ya asilimia 70, iache ikauke yenyewe. Usiimwagie. Na jamani, mtoto aliyelazwa msimtulize kwa simu mliyotoka nayo kwenye daladala!