Kufikia kwa Rafiki wa Zamani Ughaibuni: Yanayosemwa na Yalivyo

Ofisa uhamiaji aliniuliza swali dogo tu: "Unafikia wapi?" Nikajibu kwa kujiamini kwamba nafikia kwa rafiki yangu. "Anaitwa nani?" Hapo nikakwama. Mtu tuliyekaa naye bweni moja miaka minne, tukagawana sabuni mpaka kipande cha mwisho, nilikuwa namjua kwa jina la utani. Jina lake la kwenye vyeti lilinitoka kabisa. Anwani ilikuwa kwenye simu, na simu ilizima chaji tukiwa bado angani. Nilikaa pembeni nikihangaika kutafuta pa kuchajia, huku abiria wote niliokuja nao wakinipita.

Tangu siku hiyo, nikisikia mtu anasema kufikia kwa rafiki hakuna usumbufu, namwangalia mara mbili.

Dhana: Ukifikia kwa mtu, huhitaji karatasi za malazi

Hii ndiyo inayowaangusha wengi. Nchi nyingi humtaka mgeni aoneshe atalala wapi, na jibu la "kwa rafiki" mara nyingi hudai ushahidi mzito kuliko risiti ya hoteli. Ufaransa, kwa mfano, mwenyeji ndiye anayekwenda ofisi ya meya wa mji wake, akiwa na uthibitisho wa makazi, kuomba hati iitwayo attestation d'accueil. Ujerumani, mwenyeji anayejitolea kukugharamia anaweza kutakiwa kutia saini Verpflichtungserklärung, yaani ahadi ya kisheria kwamba gharama zako zikiiangukia serikali, yeye ndiye atakayedaiwa. Kwa hiyo unapomwandikia rafiki "nitumie tu kabarua ka mwaliko", ujue unachomwomba: ruhusa ya kazini, foleni, na pengine dhamana.

Ukishaingia nako kuna mambo. China, mgeni anayelala nje ya hoteli hutakiwa kuandikishwa polisi ndani ya saa 24, na yeye mwenyewe au mwenyeji wake. Italia, anayempa malazi mtu kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hutoa taarifa kwa maandishi ndani ya saa 48. Hotelini shughuli hizi huishia pale mapokezi unapokabidhi pasipoti, ndiyo maana watu hawajui kama zipo. Nyumbani kwa rafiki hakuna mapokezi. Muulize mapema kama sheria ya kwake inadai kitu, maana huenda naye hajui. Hajawahi kuwa mgeni nyumbani kwake.

Tukiwa hapohapo kwenye sheria: wapo wanaoamini kuwa siku 90 za eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, huanza upya kila unapotoka na kurudi. Sivyo. Ni siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zinahesabiwa, na nchi zote za eneo hilo ni kapu moja. Wiki mbili kwa rafiki wa Lisbon na wiki mbili kwa rafiki wa Vienna zinachotwa humohumo. Na kwa anayeomba viza, bima ya safari isiyopungua euro 30,000 inatakiwa hata kama utalala kwenye kochi la mtu aliyesimamia harusi yako.

Dhana: Nitalipa fadhila kwa kumlelea watoto

Kuosha vyombo ulivyolia ni adabu. Lakini makubaliano ya kwamba utalala na kula bure miezi miwili, nawe ushinde na watoto wao wakienda kazini, ni jambo jingine. Viza ya matembezi ya Marekani, B-2, hairuhusu kazi, na malazi yanayotolewa badala ya huduma yanaweza kuhesabiwa kuwa ujira. Ukimwambia ofisa mpakani "nimekuja kumsaidia rafiki yangu na mtoto mchanga", unaweza kudhani umesema neno la upendo, kumbe yeye amesikia ajira.

Dhana: Rafiki wa kweli haombwi, anaarifiwa

Urafiki ni wa zamani, sawa. Nyumba je? Nyumba ni ya juzi, na ina watu ambao hukusoma nao. Kuna mke au mume, kuna mtoto mwenye mtihani, kuna mwenzake anayechangia kodi. Na kuna mkataba wa upangaji, ambao huenda unaweka ukomo wa siku za mgeni kulala au unataka mwenye nyumba ajulishwe. Rafiki hatakwambia hayo ukishakata tiketi. Atasema "karibu sana", kisha atakwenda kupambana na wa kwake chumbani kwa sauti ya chini.

Niliwahi kulazwa sebuleni kwa watu wa namna hiyo, watu wema kabisa. Saa kumi na moja alfajiri nikasikia mlango unasukumwa taratibu. Mke wa mwenyeji wangu alikuwa anapita kwa ncha za vidole, anamulika chini kwa simu, anatafuta viatu vya kazini, akiufunika mwanga kwa kiganja ili nisiamke. Nyumbani kwake! Nilijifanya nimelala fofofo. Ilikuwa siku yangu ya sita.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tunaitamka kwa mzaha, ila kwenye nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya nne hakuna hata jembe la kumpa. Kuna foleni ya bafu tu. Kwa hiyo omba, na uombe kwa namna inayomwachia mtu pa kutokea: "Nitakuwa huko kuanzia tarehe 4 hadi 8. Hoteli nimeshaiangalia, ila nikasema nikuulize kwanza. Kama nyumba imebana, tutaonana tu jioni." Taja tarehe ya kuondoka ndani ya ujumbe uleule wa kwanza. Mgeni ambaye siku yake ya kuondoka inajulikana huwa mwepesi hata akiwa na masanduku matatu.

Dhana: Tumepoteana miaka kumi, kumtafuta sasa ni aibu

Hapa hofu inatudanganya. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Peggy Liu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, na ukaonesha kwamba watu hukadiria chini mno furaha ya mwenzao anapotafutwa ghafla. Kushtukizwa kwenyewe ndiko kunakoongeza utamu. Ila soma vizuri: walichopima ni salamu, si ombi la kitanda. Mimi hutenganisha viwili hivyo. Salamu kwanza, wiki kadhaa kabla, na iwe salamu ya kweli. Anayeanza na "mambo, upo?" na kumalizia na tarehe za ndege ndani ya dakika tano amejulikana.

Dhana: Kulala kwa rafiki ni bure

Unaokoa pesa ya chumba, basi. Marafiki wengi hawakai katikati ya mji, kwa hiyo nauli inapanda. Zawadi ipo, na sokoni nako utatoa.

Dhana: Mwenyeji atanitembeza

Wewe uko likizo, yeye yuko Jumatano. Uliza mapema kuhusu ufunguo, nywila ya intaneti, saa ya kuoga na basi la mwisho la usiku, halafu jitoe nje mwenyewe asubuhi. Mkikutana jioni mtakuwa na la kusimuliana.

Dhana: Tutaanzia tulipoishia

Labda, lakini si usiku wa kwanza. Kwa makadirio ya kawaida mwili huhitaji kama siku moja kwa kila saa ya tofauti ya majira, na kuelekea mashariki huumiza zaidi kuliko magharibi. Ukivuka saa saba, utasinzia mezani rafiki akiwa katikati ya habari ya msiba wa baba yake, halafu saa nane za usiku uko macho unahesabu mbao za dari. Mwambie kabla hujaenda, asije akadhani umebadilika.

Halafu kuna kuondoka, jambo ambalo hakuna anayelizungumzia. Vua shuka na foronya, uliza ziwekwe wapi. Kagua chaja ukutani. Na kabla hujafunga mlango, pekua mifuko: ufunguo wa kwao niliugundua kwenye koti siku ya pili baada ya kurudi, na nilipopiga simu kuomba radhi, rafiki yangu alikuwa tayari amesimama dukani kwa fundi, anachongesha mwingine.