Je, wajua kwa nini aliyesoma kitabu huikasirikia tamthilia yake?

Pita Ngamiani, Tanga, kwenye vibanda vya kurushia muvi kwenye flashi, uulizie sizoni iliyotokana na kitabu. Aliyekisoma atakwambia wameiharibu. Asiyekisoma atashangaa, mbona tamu? Na hakuna kati yao anayesema uongo.

Kitabu hukuketisha ndani ya kichwa cha mhusika, mahali ambapo kamera haifiki. Katika The Wheel of Time ya Robert Jordan, vitabu 14 vilivyotoka kati ya 1990 na 2013, Perrin ni kijana wa kazi ya uhunzi anayeziogopa nguvu zake mwenyewe, na hofu hiyo tunaisoma mawazoni mwake, kurasa kwa kurasa. Tamthilia ya 2021 ilimpa mke ambaye kitabuni hakuwa naye, na katika kipindi cha kwanza tu Perrin akamuua mkewe huyo kwa bahati mbaya, katikati ya mapigano. Hofu ikapata sura ya kuonekana, hilo nalikubali. Ila majonzi ya mgane ni kitu kingine kabisa na woga wa kijana anayetazama mikono yake. Hapo ndipo msomaji anapoumia, hata kama hawezi kueleza kwa nini.

Muda nao hubana: sizoni ile ya kwanza ilikuwa na vipindi 8 tu. Kuna na mkosi wa kitabu kutokwisha. Game of Thrones ilianza 2011, mwaka kilipotoka kitabu cha tano cha mfululizo wa George R. R. Martin ulioizaa. Cha sita hakikuja, tamthilia ikakipita, ikafungwa 2019 kwa vipindi 6 vya mwisho. Wahusika wakafika waendako bila sisi kuiona njia.

Basi tuhukumu kwa kipimo gani? Mimi nakitoa hapa hapa nyumbani. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, alituachia Kusadikika, nchi inayoelea angani. Karama anashtakiwa kwa kufundisha sheria. Anasimama mbele ya mfalme na kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa wakarudi na kheri, kisha wakatupwa gerezani. Maneno yake ndiyo yanayomwokoa, yeye na wale sita.

Akitokea mwongozaji wa kuipeleka kwenye televisheni, na ampunguze mjumbe mmoja, sitamlaumu. Abadili mavazi, afupishe hotuba, ile nchi ya angani aichore anavyoiona yeye. Vyote hivyo ni haki yake. Lakini akimpa Karama upanga avunje gereza usiku, hata picha zikiwa nzuri kuliko zote tulizowahi kuona, huyo si Karama tena. Mwalimu wa sheria aliyeshinda kwa upanga atakuwa ameshindwa kesi yake.