Peptidi ya pakini si dawa ya mzee anayetetemeka

Familia yenye mzee anayetetemeka hubisha kila mlango, na siku hizi mlango wa kwanza ni simu. Ukitafuta habari za ugonjwa wa Parkinson utakutana na vichupa vinavyouzwa kwa jina la peptidi ya pakini, na hapo ndipo watoto wanapouliza kama wachange fedha wamwagizie baba yao. Nawajibu kwa kirefu, kwa sababu fedha hizo ni za jasho na mgonjwa hana muda wa kupoteza.

Pakini yenyewe ni kitu gani?

Ni protini iliyomo ndani ya seli zetu, yenye asidi amino 465, yaani vijenzi vidogo vinavyounganishwa kuunda protini. Jeni yake ilitambuliwa na watafiti wa Japani mwaka 1998, katika familia ambazo vijana wao walipata Parkinson mapema. Mwaka 2000 kazi yake ikajulikana: ni ligezi ya ubikwitini. Ubikwitini ni protini ndogo ya asidi amino 76, na ligezi ndiyo inayoibandika juu ya protini nyingine. Iliyobandikwa huwa kama nyumba iliyopigwa alama ya X nyekundu. Wavunjaji wakija wanajua waanze wapi. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004 kwa kufumbua utaratibu huu.

Ndani ya ubongo kazi hii ni nyeti. Mitokondria, zinazozalisha nguvu za seli, zikiharibika, protini iitwayo PINK1 huiamsha pakini, nayo huzitia alama ili ziondolewe. Kazi hiyo isipofanyika, mabovu hurundikana na seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo, hufa. Dopamini ikipungua mwendo unakuwa mzito, viungo vinakakamaa, mkono unatetemeka hata ukiwa umetulia mapajani.

Na hiyo peptidi?

Ni kipande kifupi kilichotengenezwa kwa kuiga sehemu moja tu ya pakini, mara nyingi asidi amino zisizozidi 20 hivi. Mtafiti anayetaka kuiona pakini katika sampuli hutumia kingamwili, protini ya kinga ya mwili inayonasa kitu maalumu, ambayo huishika. Lakini atajuaje kwamba imeshika pakini na si protini nyingine? Huigawa kingamwili mafungu mawili, moja akalichanganya kwanza na peptidi. Kingamwili iliyokwisha kushikana na peptidi haina tena nafasi ya kushika pakini. Mstari uliokuwa ukionekana kwenye kipimo ukitoweka katika fungu hilo, ni dalili njema.

Dalili, si ushahidi kamili. Protini nyingine yenye kipande kinachofanana nayo inaweza kutoweka vilevile, na kwa maoni yangu kipimo hiki hakitoshi bila kulinganisha na seli zisizo na pakini kabisa. Wapemba wanaijua maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi kwa utafiti wa kichocho na minyoo. Peptidi ya namna hii mahali pake ni meza za utafiti kama zile.

Mgonjwa akiinywa au akidungwa?

Akiinywa, tumbo litaisaga kama linavyosaga nyama ya samaki. Kumdunga ni hatari: haikutengenezwa wala kusafishwa kwa ajili ya mwili wa mtu, na kichupa chenyewe huandikwa kuwa ni cha utafiti tu. Tena kipande hicho hakiwezi kubandika ubikwitini. Kazi hiyo inahitaji pakini nzima.

Ugonjwa huu unarithiwa?

Ule wa pakini, ndiyo, pale mtoto anapopata jeni mbovu kwa baba na kwa mama. Kwetu ambako binamu huoana, inafaa kumwambia daktari kama ndugu wawili wameanza kutetemeka kabla ya miaka 40. Mzee aliyeanza akiwa na miaka 70 kwa kawaida ugonjwa wake hautokani na jeni hii.

Basi tumpeleke wapi, na atapewa nini?

Unguja nendeni Mnazi Mmoja, Pemba Abdulla Mzee pale Mkoani, au muanzie kwa daktari aliye karibu. Dawa kuu ni levodopa pamoja na kabidopa. Levodopa imo hata katika mbegu za upupu, lakini msimpikie mgonjwa: kiasi kilichomo hamkijui, na akiwa anameza vidonge kinaweza kumzidi.

Vidonge vimezwe kama nusu saa kabla ya chakula, maana samaki, nyama na maharage hushindana na dawa kuingia mwilini. Ramadhani ikikaribia, muoneni daktari mapema mpange saa za dawa. Levodopa ikikatwa ghafla, mgonjwa anaweza kukakamaa mwili mzima na kushikwa na homa kali. Akifika hapo, akimbizwe hospitali saa hiyohiyo.