"De gustibus non est disputandum" ni ya Warumi wa kale?

Wawili wakibishana kama pilau huliwa na ndizi mbivu au la, hutokea wa tatu akafunga mjadala: "De gustibus non est disputandum, walisema Warumi." Yaani, mambo ya ladha hayajadiliwi. Wengi huamini usemi huu umetoka Roma ya kale. Si ajabu, maana ni Kilatini.

Ila Kilatini hakikufa pamoja na dola ya Roma. Kwa zaidi ya miaka 1,000 kiliendelea kuwa lugha ya kanisa na vyuo vya Ulaya, na misemo mingi ilizaliwa humo. Huu haupatikani katika maandishi ya kale yaliyotufikia. Kilichopo ni jirani yake, kutoka tamthilia ya mwaka 161 KK: "quot homines, tot sententiae", watu wangapi, maoni mangapi. (Sisi tunayo ya kipendacho roho hula nyama mbichi, ingawa hiyo ina kijembe kidogo.)

Tafsiri nayo huteleza. "Disputare" ni kupambanua jambo kwa hoja, wala si kugombana.

Ukikutana na nukuu ya namna hii, tafuta anwani yake: kitabu gani, sehemu ipi? "Methali ya Kirumi" pekee haitoshi. Kuna hazina za bure mtandaoni za maandishi ya Kilatini cha kale. Andika sentensi nzima kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha ujaribu ile ya watu na maoni. Ya pili itakupeleka hadi kwenye mstari wake.