Mgonjwa kaja na majibu ya DNA ya mifupa, unafanyaje?

Juzi daktari mwenzangu kanitumia WhatsApp picha ya majibu ya DNA ya mgonjwa wake, mama wa miaka 52, karatasi inasema ana "hatari kubwa ya mifupa dhaifu", swali lake fupi tu: nimuanzishie dawa? Nikamuuliza DEXA (kipimo cha eksirei cha ujazo wa mfupa) inasemaje, akasema hajampima bado. Haya, ndo nikaona niandike.

Ni kweli ujazo wa mfupa unarithiwa sana, tafiti za mapacha zinasema 50 mpaka 85%, ila usidhani kuna jeni moja mbovu imekaa mahali inakusubiri. Utafiti mkubwa wa 2019 ulitumia watu 426,824 wa UK Biobank (hazina ya data za afya ya Uingereza), wakapimwa kisigino kwa ultrasaundi (kisigino, sio nyonga kwa DEXA, hapo wengi tunapitaga tu), yakapatikana maeneo 518 kwenye jenomu (DNA yote ya mtu) yanayohusiana na ujazo wa mfupa, na yote kwa pamoja yanaeleza kama 20% tu ya tofauti kati ya watu. Sasa gawanya hiyo 20 kwa 518 uone kila eneo linabaki na nini! Ile p (namba ya kupima kama tokeo ni la bahati tu) yenye masifuri kibao haimaanishi athari ni kubwa, watu tu ndo walikuwa wengi. Halafu hao ni Waingereza weupe, skoo ya hatari iliyopikwa kwao ukimwekea mama wa Mbagala haimkai vizuri.

So tafiti zenyewe hazina maana? Hapana bwana, raha yake iko kwenye dawa. Kuna ugonjwa adimu unaitwa sklerosteosisi, umeonekana zaidi kwa Makaburu wa Afrika Kusini, mifupa inanenepa mpaka fuvu linabana neva, mtu anapooza uso, anakuwa kiziwi, lakini kuvunjika mfupa ni nadra. Mwaka 2001 ikajulikana shida iko kwenye jeni ya SOST, inayotengeneza sklerostini, ambayo kazi yake ni kama breki ya ujenzi wa mfupa. Watu wakajiuliza, tukiizuia hiyo breki makusudi kwa mgonjwa wa osteoporosisi (mifupa dhaifu) je? Ndo ikaja romosozumabu, dawa inayozuia sklerostini, Marekani wakaipitisha 2019, na onyo juu yake la mshtuko wa moyo na kiharusi. Na SOST hiyohiyo inatokea kwenye zile tafiti za watu wengi, ikiwa na athari kiduchu tu, yani udogo wa athari ya jeni kwenye tafiti haukwambii dawa itafanya kazi kiasi gani.

Mwenzangu nikamwambia aiweke pembeni ile karatasi, amuulize mama kama alishawahi kuvunjika, hedhi ilikata lini, na dawa gani anatumia. Jioni akanijibu: ana pumu, prednisolone (steroidi, inayodhoofisha mifupa ikitumika muda mrefu) anaimeza mara kwa mara mwaka wa nne sasa, ananunua mwenyewe duka la dawa. DEXA kapangiwa Alhamisi.