Je, wajua kwa nini Mtakatifu Inyasi alikataza kubadili uamuzi wakati wa ukavu wa roho?

Mtu akifiwa, akikosa kazi, au akiomba mtoto mwaka baada ya mwaka bila jibu, hujiuliza: Mungu ananiita wapi katika haya? Mara nyingi wazo la kwanza kumjia ni kuacha: aache seminari, aache huduma, aache hata kusali. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la watawa la Wayesuiti, yule ambaye Wakatoliki wetu humwita Inyasi, aliandika kanuni kali kuhusu saa hiyo. Roho ikiwa kavu, yaani sala haina ladha na Mungu aonekana yuko mbali, usibadili kitu. Shikilia uamuzi uliofanya kabla, ulipokuwa na utulivu mbele za Mungu.

Uhakika huo ulianzia kitandani. Mei 1521 alikuwa akilinda ngome ya Pamplona, kaskazini mwa Hispania, dhidi ya Wafaransa, mzinga ukamvunja mguu wa kulia. Akarudishwa kwao Loyola. Mfupa uliunga vibaya ukavunjwa tena, kisha akataka kipande kilichochomoza kikatwe kwa msumeno, bila ganzi, ili avae buti zake za kiungwana. Huyo hakuwa mtu anayemtafuta Mungu.

Aliomba hadithi za mashujaa ajisomee. Hazikuwamo nyumbani, akaletewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Basi mara amuwaze bibi mmoja wa ukoo mkubwa na namna atakavyomfurahisha, mara awaze kwenda Yerusalemu miguu mitupu. Yote mawili yalikuwa matamu alipokuwa akiyawaza. Lakini la kwanza likipita lilimwacha mkavu, hana raha. La pili likipita, furaha ilibaki.

Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha mambo yote. Hakuipima hamu kwa ukali wake, bali kwa kile inachoacha moyoni ikishaondoka. Moyo wenye maumivu hutamani mengi na kwa nguvu, na ukifuata nguvu peke yake utapotea.

Mwaka 1522 akiwa Manresa, mji mwingine wa Hispania, alionja upande wa pili. Alikuwa akisali saa saba kwa siku, kisha hofu ya dhambi zake za zamani ikamkamata. Aliungama, akarudia kuungama, asipate amani, hata wazo la kujiua likamjia. Sauti moyoni mwake ilimuuliza atawezaje kuishi maisha hayo miaka sabini. Naye akaiuliza kama inaweza kumhakikishia saa moja tu ya uhai. Aliyepita hapo anajua kwamba katika giza kila njia huonekana imeziba, ndiyo maana giza si mshauri. Inyasi alisema wazi kwamba katika faraja hutuongoza roho mwema, na katika ukavu huyo mwovu ndiye mwenye kushauri.

Kwa hiyo usihame, lakini usikae bure pia: ongeza sala kidogo, jichunguze, na mwambie padri au mtu wa kiroho unayemwamini, maana mshawishi hupenda siri. Na tusimdhulumu mtu kwa kanuni hii. Anayepigwa nyumbani akikimbia kuokoa maisha yake hajavunja wito wowote.

Tena, hamu inaweza kuwa ya kweli na mahali pake pasiwe pale unapopaona. Inyasi alifika Yerusalemu mwaka 1523 akitaka kubaki huko maisha yake yote. Wafransisko waliotunza mahali patakatifu wakamwamuru aondoke. Akarudi Barcelona, akakaa darasani na watoto kujifunza Kilatini, mtu mzima wa miaka zaidi ya thelathini. Mwaka 1534 mjini Paris, yeye na wenzake sita waliweka nadhiri ya kwenda Yerusalemu, na meli ikikosekana wajiweke mikononi mwa Papa. Mwaka 1537 walingoja Venezia. Vita na Waturuki vikafunga njia, meli haikuondoka, wakaenda Roma.

Papa Paulo III aliidhinisha shirika lao, Wayesuiti, mwaka 1540. Mmoja wa wale saba, Francis Xavier, alitumwa India badala ya mwenzake aliyeugua, na mwaka 1542 meli yake ilitia nanga Malindi.