Namba ya juu kwenye drafti ya NBA haimaanishi nyota

Mashabiki wengi huamini kwamba kijana anayechaguliwa mapema kwenye drafti ya NBA, yaani zamu ya timu za ligi ya kikapu ya Marekani kuchagua wachezaji wapya, lazima atakuwa mchezaji bora. Kuna ukweli kidogo: kwa wastani, wa namba 1 hadi 5 hufanya vizuri kuliko wa namba 30. Lakini wastani hautabiri maisha ya mtu mmoja.

Tazama 2009, mwaka unaotugusa Waafrika Mashariki. Memphis Grizzlies walimchukua Mtanzania Hasheem Thabeet namba 2. James Harden akafuata namba 3, Stephen Curry namba 7, na wote wawili baadaye wakatwaa MVP, tuzo ya mchezaji bora wa msimu. Thabeet alikuwa hatari kwa kuzuia mitupo alipochezea chuo cha Connecticut, ila NBA alimaliza kwa wastani wa pointi 2.2 kwa mechi. Nikola Jokić, namba 41 mwaka 2014, ana MVP tatu.

Tatizo ni kwamba timu hukadiria vijana wa miaka 19 au 20 ambao bado wanakua, na mara nyingi urefu huthaminiwa kuliko uwezo wa kusoma mchezo. Tena namba yenyewe hujenga takwimu: mkataba wa raundi ya kwanza una uhakika wa miaka miwili, wa raundi ya pili hauna. Utafiti wa Staw na Hoang wa 1995 ulionyesha kuwa waliochaguliwa mapema walipewa dakika nyingi zaidi hata viwango vilipolingana. Kwa hiyo unapolinganisha wachezaji, angalia takwimu kwa kila dakika 36, si jumla.